Nusu Saa ya Kungoja

Wameshachoma.
Sasa, anasema Daktari Ruhasha, barakoa ikining'inia sikio moja,
tunangoja nusu saa,
maana uzi uliochomwa nusu huzimia tu, haufi,
na huweza kuzinduka ukadai njia yake.

Nimerudi kwenye benchi la koridoni,
hospitali ya mkoa, Tabora,
benchi lenye mguu mmoja uliogangwa kwa bati.
Mkononi saa ya shirika, waliyonipa nikistaafu.

Miaka thelathini na mmoja niligeuza njia hapa stesheni:
hii ya Mwanza, hii ya Kigoma, hii ya Mpanda,
wenzo baridi alfajiri, grisi chini ya kucha,
na watu wamelala mabehewani
wasijue kuna mkono uliowachagulia.

Ndiyo maana daktari aliponichorea moyo nyuma ya fomu
nilimnyang'anya kalamu.
Huku juu, alikuwa akisema, umeme unaanzia;
hapa kati unasimama kidogo, unapewa ruhusa, unashuka.
Ila Kalunde kazaliwa na kijia cha pembeni.
Umeme unapita huko bila bendera,
unarudi ulikotoka, unazunguka, unazunguka.
Hilo si kosa la injini, nikamwambia,
hiyo ni pointi mbovu.
Akacheka. Nikaweka sahihi.

Miaka tisa tulimshika mtu siye.
Shangazi yake wa Ipuli alisema jini.
Mwalimu wa Isevya alisema anaigiza, anaogopa mtihani.
Zahanati ilimpa vidonge vya kulala.
Mimi, na hili nalisema kwa aibu,
mimi nilisema mapenzi.
Yeye huacha karanga nusu imemenywa,
kiganja kifuani:
"Baba, umeondoka tena."
Kama mtu anayetangaza treni.
Siku moja nilijaribu kuhesabu.
Mia mbili na kumi, kisha nikapotea.

Mwaka juzi wangetuandikia rufaa ya Dar es Salaam:
nauli, siku mbili njiani, ndugu wa kumfikia,
na moyo unaoikimbiza treni na kuipita.
Leo ni mlango wa tatu kushoto,
chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu.
Anayekodolea skrini ni Sizya, muuguzi wa hapahapa Cheyo,
aliyejifunza kuongoza waya
kwa mioyo ya mbuzi aliyoibeba kutoka machinjioni
ndani ya ndoo ya plastiki.

Waya tatu zimepanda kupitia mshipa wa paja.
Ganzi pale tu; mwenyewe yu macho.
Ile stesheni ndogo ya katikati
iko milimita chache kutoka walipochoma.
Wakiteleza, mwanangu ataishi kwa betri
iliyoshonewa chini ya mtulinga.
Hilo nalo nililitia sahihi.

Dakika ya kumi na mbili, umeme unakatika.
Si ule wa Kalunde. Wa Tanesco.
Koridoni kimya, mpaka mtoto aliyekuwa akilia ananyamaza.
Jenereta inakohoa nyuma ya jiko,
inakohoa tena,
inashika.
Mashine zina betri zake, walikwisha kunieleza.
Magoti yangu hawakuyaeleza.

Kumi na tisa.
Mama mmoja ananipa chungwa. Nalishika tu.

Ishirini na nane.
Najikuta nimesimama,
mkono wa kulia umefumbata hewa,
mkao uleule wa wenzo,
kama kwamba humo ndani kuna njia
inayoningoja mimi niifunge.

Mlango unafunguka. Sizya, jasho kwenye nyusi:
"Hakijarudi."

Wamemlaza, mguu ameambiwa asiukunje saa sita.
Ananuna. Anataka karanga.
Nashika kifundo cha mkono wake, naitazama saa ya shirika.
Sabini na nne.
Nahesabu upya; sijazoea.
Sabini na tatu.
Nahesabu upya.

"Baba," anasema, "niachie, unanibana."